Uzi: Kubandua stika za zamani kwenye boti ya fiba iliyotumika (kutoka Luchelele, Mwanza)

Mwanzisha uzi (Luchelele)

Ndugu zangu, salaam. Uzi huu ni kwa ajili ya yeyote aliyenunua boti ya fiba mkononi mwa mtu mwingine, akayatazama maandishi ya watu ubavuni mwake na asijue aanzie wapi kuyaondoa. Mimi nilianza kwa kubahatisha, na ubavu wa kulia wa boti yangu bado una alama za kubahatisha huko.

Boti yenyewe ina urefu wa futi 19 na ilikuwa ikibeba wageni. Mbavu zote mbili zilikuwa zimebandikwa jina la biashara ya mwenyewe wa zamani kwa herufi za bluu kubwa kuliko kiganja, chini yake mistari mitatu ya rangi ya machungwa iliyotoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na karibu na injini kulikuwa na namba za simu ambazo hazipatikani tena. Safari yangu ya kwanza kwenda Kayenze, mama mmoja alinifuata mwaloni, pale boti zinapotia nanga, akidai arudishiwe nauli ya safari ambayo haikufanyika, na kumbe ni safari ya kabla sijaijua boti hiyo kabisa. Nilimweleza, akaelewa, tukaagana vizuri, lakini nilirudi nyumbani na mawazo. Boti ikipata shida ziwani, watu watatoa taarifa kwa jina walilolisoma ubavuni, na watakaotafutwa ni watu wengine. Hapo ndipo nilipoamua kwamba stika zile lazima zitoke kabla boti haijabeba abiria mwingine.

Siku ya kwanza nilichukua kisu cha jikoni na nusu lita ya thina. Thina iliyeyusha gundi wakati plastiki bado imeshika, ikaisambaza juu ya fiba iliyochakaa, na fiba iliyochakaa ina vitundu vidogo vinavyofyonza. Nikabaki na doa la kunata la ukubwa wa sinia, na hadi adhuhuri doa hilo lilikuwa limekusanya vumbi lote la barabarani na kugeuka jeusi. Kisu nacho kiliacha mikwaruzo saba, miwili kati yake ikiwa na kina cha kukamata ukucha. Niliacha kazi nikiwa nimemaliza herufi mbili tu.

Kosa langu lilikuwa kutokujua ninachokikwangua. Juu kabisa ya boti ya fiba kuna tabaka la rangi ambalo mafundi huliita jelikoti, na unene wake kwa kawaida ni kama nusu milimita. Ndilo linaloyazuia maji yasizifikie nyuzi za kioo zilizo ndani, na ndilo lenye mng'ao wote mnaouona. Kila mkwaruzo unakula sehemu ya nusu milimita hiyo, wala haikui tena kama ngozi ya mtu inavyojirudi baada ya jeraha.

Stika nayo ni plastiki nyembamba ya vinili. Ikiwa mpya hunyumbulika, kwa sababu kiwandani hutiwa kemikali za kuilainisha, lakini miaka ya jua huziondoa kemikali hizo kidogo kidogo mpaka stika inakuwa kama ganda la yai, ambapo ukiichokonoa inakatika vipande vya ukubwa wa kucha. Sisi wa Mwanza tupo kama nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa upo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua hutupiga karibu na utosi mwaka mzima na hewa ya kulipunguza makali ni nyepesi kuliko ya pwani. Stika ya hapa huzeeka mapema, na jelikoti iliyo kando yake vilevile.

Baada ya kuharibu, nilikaa siku mbili nikiisoma boti badala ya kuishambulia, na nililogundua ndilo ninalotaka kuwaeleza: hizi ni kazi mbili, wala si moja. Kuna kutoa plastiki, na kuna kutoa gundi. Plastiki inataka joto, gundi inataka kimiminika, na ukimimina kimiminika kabla plastiki haijatoka yote, umejiongezea kazi mara tatu.

Kwa ajili ya joto, shemeji yangu mwenye saluni aliniazima draya ya nywele. Nilipashia kipande cha ukubwa wa kiganja kwa dakika moja hivi, nikiisogeza draya bila kuituliza mahali pamoja, kisha nikaweka kiganja juu ya fiba. Mkono ukivumilia, joto linafaa. Ukishindwa kuuacha hapo, umezidisha, subiri kidogo. Kipimo hicho ni cha maana sana, kwa sababu fiba ya poliesta huanza kulegea kabla hata ya kufika nyuzi 100 za joto, ilhali zile mashine za mafundi za kupulizia hewa ya moto zinaweza kufika nyuzi 500 na kuendelea, na mkono usiozoea unaweza kuichoma jelikoti ndani ya sekunde chache.

Jua lenyewe pia ni msaidizi asiyelipwa. Ubavu unaotazama magharibi niliuacha hadi saa tisa alasiri, na nilipougusa nilikuta herufi za bluu zina moto kuliko fiba nyeupe iliyozizunguka, kwa sababu rangi iliyokoza hunyonya jua zaidi. Joto lilikuwa limekaa pale pale nilipolihitaji.

Kisha kunyanyua. Nilitumia kadi ya benki iliyokwisha muda wake, nikaiingiza kwenye kona ya herufi ikiwa imelala, nikaisukuma taratibu mpaka kipande cha kushikwa na vidole viwili kikapatikana. Hapo nilivuta polepole, nikiikunja stika irudie ilikotoka, huku mkono mwingine ukitangulia na draya mbele ya mstari inapoachia. Ukivuta kwa pupa inakatika, na kila inapokatika unaanza upya kutafuta kona. Nakumbuka herufi moja ya duara ilitoka nzima, kipande kimoja, na nyuma yake gundi imeng'ang'ania plastiki badala ya boti, na fiba chini yake inang'aa kama siku ilipotoka kiwandani. Niliiangika ukutani, ikakaa hapo wiki nzima.

Herufi nyingine hazikuwa na huruma hiyo, hasa za upande uliokuwa ukipigwa na jua la asubuhi kwenye maegesho yake ya zamani. Hizo zilitoka vipande vipande kwa siku tatu, na gundi ikabaki.

Kwa gundi, mafuta ya taa yalinitosha. Nililoweka kitambaa cha pamba, nikakipachika juu ya gundi, nikafunika na mfuko wa plastiki ili mafuta yasikauke, nikaacha kwa dakika kumi. Nilipofunua, gundi ilikuwa imevimba na kugeuka rangi ya maziwa, na kwa kadi ileile ikaviringika vidonge vidonge kama ukoko wa ugali ulioloweshwa. Nilirudia mara mbili au tatu kwa kila herufi. Baada ya hapo niliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, maana mafuta ya taa huacha utando, na mwisho nikapangusa kwa spiriti kwa kitambaa safi. Vaeni glavu, na fanyeni kazi mahali penye hewa.

Kuhusu mahali: niliivuta boti juu ya magogo hadi uani kwa jirani, zaidi ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeuwekea ukingo wa ziwa hifadhi ya mita hizo 60 dhidi ya shughuli zinazoweza kuuharibu, na hata kama isingekuwepo, maji haya ndiyo tunayokunywa. Chanzo kimojawapo cha maji ya jiji kipo hapo Capri Point. Vitambaa vyenye mafuta, vidonge vya gundi na vipande vya plastiki vyote nilivikusanya kwenye ndoo yenye mfuniko, na hakuna hata kimoja kilichosuuzwa ziwani.

Sasa limebaki jambo moja linalonisumbua. Stika zimetoka, gundi imetoka, lakini jina bado linasomeka. Palipokuwa na herufi pana rangi nzuri ya maziwa, na pembeni pamepauka. Nimeosha mara tano. Naomba mwenye uzoefu anieleze.

Mchangiaji wa 2 (Kirumba)

Ndugu mwanzisha uzi, mimi ni fundi wa fiba, nimezeeka kwenye kazi hii. Umeeleza vizuri, na ulipokosea umesema, jambo ambalo litawasaidia vijana.

Hicho unachokiosha si uchafu, ndiyo maana hakitoki. Fikiria mtu aliyevaa saa mkononi miaka sita shambani: akiivua, pale palipofunikwa ndipo penye rangi yake halisi. Herufi zako zimeikinga jelikoti, na ile iliyobaki wazi imeliwa na jua mpaka imekuwa chaki. Pitisha kiganja kwenye sehemu iliyopauka, utaona unga mweupe mkononi. Halafu pitisha ukucha kwa kukingama kutoka kwenye fiba iliyopauka kuingia kwenye herufi, macho ukiwa umeyafumba. Kama ukucha unateleza bila kukwama, ni tofauti ya rangi tu. Kama unagonga kijiukingo, maana yake jelikoti ya pembeni imelika hata kwa unene, kwa jua na kwa kusuguliwa miaka yote, na herufi zimebaki juu kidogo.

Kwa hiyo usiisugue herufi. Isugue boti iliyobaki. Watu wengi hukosea hapo, wakasugua palipo pazima na kuacha palipo pagonjwa.

Anza na kompaundi ya kung'arishia, ile wanayotumia mafundi wa rangi za magari, kwa kitambaa cha pamba na mkono wako tu, eneo la mita moja. Kama kivuli cha herufi kinafifia, endelea hivyo hivyo bila msasa. Kama hakififii, ndipo uchukue msasa wa maji namba 1000, uufunge kwenye kipande bapa cha mpira, na usugue kwa maji mengi yenye sabuni kidogo, kwa misuguo mipana inayopita mbele ya herufi na nyuma yake. Fuatisha namba 1500, kisha 2000, kisha kompaundi, kisha nta. Maji yanayotiririka yatakuwa meupe kama maziwa, nayo ndiyo jelikoti yako inayoondoka. Ukiona mahali panaanza kugeuka rangi au kuonyesha nyuzi, acha papo hapo, umeimaliza.

Jambo jingine kwa wasomaji wengine. Kabla ya yote, hakikisheni kwamba mnachokigusa ni jelikoti na si rangi iliyopakwa baadaye. Boti nyingi za mkononi hupakwa ili ziuzike, na nimewahi kukuta rangi imepakwa juu ya stika bila kuzitoa, ukitazama kwa pembeni unaona kingo za herufi za mtu wa kwanza zikiwa zimevimba chini ya rangi ya mtu wa pili. Chukua kitambaa chenye thina kidogo, gusa mahali pasipoonekana, ndani ya tezi au chini ya ukingo, futa mara moja. Rangi ya kawaida italainika na kunata, jelikoti haitalainika kwa mpanguso mmoja. Kama ni rangi, sahau vimiminika vikali, tumia joto la wastani, sabuni na subira, na ujiandae kupaka upya.

Mchangiaji wa 3 (Igombe)

Wakuu, nawaheshimu, lakini mnaifanya kazi ya nusu saa iwe ya wiki. Sisi huku mwaloni tunatumia petroli, ambayo kila mwenye injini anayo. Unamwagia kitambaa, unasugua, gundi inakimbia. Tumefanya hivyo miaka yote na boti zetu zinaelea.

Mchangiaji wa 2 (Kirumba)

Ndugu wa Igombe, ni kweli petroli inatoa gundi, hilo sikukatalii. Tatizo ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata penye baridi kali, sembuse Igombe mchana, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautapaa ukaenda zake, utashuka sakafuni mwa boti na kutulia kwenye mkuku (uti wa chini wa boti), mahali penye betri, nyaya na pampu ya kutolea maji. Cheche moja ya swichi inatosha. Nimeiona boti iliyoungua hivyo ikiwa nchi kavu juu ya magogo yake, mwenyewe akasalimika kwa sababu alikuwa amekwenda kununua sigara. Mafuta ya taa yanaungua pia, lakini hayatoi mvuke wa hatari kwa wepesi huo, na kwa kazi ya gundi tofauti yake na petroli ni dakika kumi tu za kusubiri. Nakuomba, ndugu yangu, usiwafundishe wadogo zako njia hiyo.

Asetoni nayo, kwa wale watakaoiuliza, mafundi tunaitumia, lakini kwa mpanguso wa haraka na kitambaa kinachogeuzwa kila mara. Ukiiacha ikalala juu ya jelikoti inailainisha. Na isiguse kioo cha mbele cha plastiki, kwa sababu kioo cha akriliki kikiguswa na asetoni, thina au hata spiriti, hupasuka nyufa ndogo ndogo zisizofutika. Hapo tumieni maji ya uvuguvugu, sabuni na mafuta ya kupikia.

Mchangiaji wa 4 (Musoma)

Habari zenu kaka zangu. Mimi boti yangu si ya fiba, ni ya mbao, imepakwa rangi ya mafuta, na aliyekuwa nayo alibandika stika kubwa za timu ya mpira pande zote mbili. Je, draya itafaa? Na kuna kijana ananishauri nitumie waya wa kusugulia sufuria.

Mwanzisha uzi (Luchelele)

Dada yangu, karibu. Kwa mbao sina uzoefu wa mikono yangu, namwachia mzee wa Kirumba. Kuhusu waya wa sufuria naweza kusema, kwa sababu nilijaribu kwenye kona moja. Usithubutu. Huacha chembe za chuma zisizoonekana, na baada ya mvua mbili kona yangu iliota madoa ya kutu mithili ya mtu aliyemwagikiwa chai.

Mchangiaji wa 2 (Kirumba)

Dada wa Musoma, kwa rangi ya mafuta juu ya mbao joto litainyanyua rangi pamoja na stika, kwa hiyo usihangaike kuiokoa. Toa stika kwa jua na kadi, futa gundi kwa mafuta ya taa, osha, acha ikauke siku mbili, piga msasa namba 120 mpaka kingo za rangi ya zamani zisisikike kwa kidole, kisha paka upya ubavu mzima. Ukipaka kiraka tu, kiraka kitaonekana daima. Hakikisha gundi yote imetoka kabla ya brashi, kwa sababu rangi iliyopakwa juu ya gundi haikauki vizuri na huchubuka yenyewe.

Mchangiaji wa 5 (Nansio, Ukerewe)

Naomba nichangie upande ambao haujaguswa. Katika kubandua, watu hubandua na namba ya usajili wakidhani ni mapambo. Namba ile ndiyo utambulisho wa chombo. Usajili na ukaguzi wa vyombo vya majini upo chini ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), na kama chombo ni cha uvuvi kuna leseni ya uvuvi na usimamizi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) ya mwalo wako. Chombo kikibadilisha mmiliki au jina, malizeni karatasi kwanza ndipo mshike draya. Mkipiga msasa ubavu mzima kama mzee alivyoelekeza, pigeni picha za namba kabla ya kuanza, pimeni urefu wa herufi na mahali zilipo, na mzirudishe kabla boti haijagusa maji. Mimi nilizuiliwa siku nzima kwa sababu namba ya upande mmoja ilikuwa imefutika nusu, na abiria waliokuwa wakinisubiri walipanda chombo kingine.

Mwanzisha uzi (Luchelele)

Ahsante sana ndugu wa Nansio. Namba zangu sikuzigusa, na uhamisho wa umiliki ulikamilika kabla, ila sikuwa nimewaza kuhusu msasa. Nimekwisha kuzipiga picha jioni hii.

Mchangiaji wa 6 (Bukoba)

Swali fupi kwa mzee wa Kirumba: stika za mfuniko wa injini zinatolewa kwa njia hiyo hiyo? Zangu zimechanika na zinatia aibu.

Mchangiaji wa 2 (Kirumba)

Si lazima zitoke hivyo. Viwanda vingine hupaka vanishi angavu juu ya stika za mfuniko, kwa hiyo huwezi kunyanyua stika bila kubomoa vanishi. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa stika. Kama husikii ukingo, iko chini ya vanishi, achana nayo au upake mfuniko mzima upya. Na kile kibati au stika ndogo yenye namba ya injini, kwenye chuma kinachoishikiza injini kwenye boti, kisiguswe kwa hali yoyote. Utakihitaji siku ya kuuza na siku ya kuibiwa.

Mwanzisha uzi (Luchelele)

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tatu kutoa taarifa.

Mzee wangu wa Kirumba, shikamoo. Nilifanya kipimo chako cha ukucha nikiwa nimefumba macho. Ubavu wa kushoto ukucha ulipita bila kukwama. Ubavu wa kulia, ule uliopigwa sana na jua, niliusikia ukingo wa kila herufi, na niliweza kulisoma jina lote kwa kidole kama asomavyo kipofu.

Kushoto kompaundi ilitosha. Nilichukua asubuhi nne, kuanzia saa moja hadi saa nne, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuleta vumbi, nikifanya mita moja kila kipindi. Siku ya pili mkono wa kulia ulivimba, nikaendelea na wa kushoto. Jina limepotea kabisa. Jirani aliyeniazima ua alisimama akalitafuta akiwa na tochi usiku, hakulipata.

Kulia nilipiga msasa wa maji 1000, 1500 na 2000 kama ulivyoagiza, kwa upana wa ubavu mzima, nikiruka eneo la namba ya usajili. Maji yalitoka meupe kama ulivyosema, na nikiri kwamba kuyatazama yakitiririka kulinitia hofu, kwa sababu nilijua kinachoondoka hakirudi. Ukingo wa herufi ulipungua hadi ukucha ukawa haukwami, lakini kivuli hakikuisha chote. Jua la saa kumi na mbili jioni likiupiga ubavu kwa upande, herufi mbili za mwanzo bado zinaonekana, zile nilizozianza kwa kisu na thina. Mchana hazionekani. Nimeacha hapo. Sioni sababu ya kuiondolea boti kinga yake ili kumridhisha mtu atakayeitazama kwa nusu saa ya magharibi.

Kuna jambo dogo la mwisho nililojifunza, nalo linawahusu wanaotaka kubandika jina jipya. Kabla ya nta, nilimwagia maji safi ubavuni. Palipokuwa bado na utando wa mafuta ya taa, maji yalijikusanya matone matone, na palipokuwa safi yalitandaa kama shuka. Palipo na matone nilirudia sabuni na spiriti hadi maji yakatandaa kote. Nilibandika jina jipya hapo, nikaliacha siku mbili lishike, ndipo nikapaka nta pembeni yake bila kulifikia, maana stika haishiki juu ya nta wala juu ya mafuta. Herufi zangu ni ndogo kuliko za mwanzo, na nimeziweka karibu na omo ambapo hazikai kwenye jua la alasiri boti ikiwa imefungwa.

Kayenze nilikwenda Jumapili. Hakuna aliyenidai nauli.

Iliyobaki ni ile mikwaruzo miwili ya kisu. Mzee wangu, je, niijaze mwenyewe, au ni kazi ya fundi?

Mchangiaji wa 2 (Kirumba)

Marahaba kijana wangu. Kuacha mahali ulipoacha ni sahihi.

Mikwaruzo usiiache wazi, ijazwe kwa jelikoti ya kujazia, lakini ugumu upo kwenye rangi, kwa sababu nyeupe ya boti ya zamani si nyeupe ya kopo jipya. Inachanganywa kidogo kidogo, tone la njano, tone la kijivu, na inapimwa ikiwa imekauka. Kabla sijaja usiipake nta sehemu hiyo, na kama umekwisha kuipaka, ifute kwa spiriti. Nitakuja Jumamosi saa mbili asubuhi na makopo yangu. Iwe kivulini, fiba isiwe ya moto, kwa sababu jelikoti ya kujazia ikipakwa juani huganda kabla hujailaza.

Mwanzisha uzi (Luchelele)

Boti ipo chini ya mwembe, na kivuli chake hapo hufika hadi saa tano. Nta nitaifuta kesho jioni. Karibu sana, mzee wangu, chai itakuwa tayari.